Nyumba ya msagaji: namna ya kusoma mabaki ya kinu cha maji, na sababu inatuhusu sisi watu wa Ituri

Leo tuongee juu ya unga. Siyo bei yake tu, ile kila mama wa Bunia anaijua kuliko sisi. Tuongee juu ya nyumba unga unatokea ndani yake.

Kwetu, ukisema mulini, kila mtu anaona picha moja: kibanda cha mabati pembeni ya njia, injini ya mazutu inayolia toka asubuhi, vumbi nyeupe mpaka kwenye kope za kijana anayesaga, na bamama wamepanga mabeseni yao ya mahindi na mihogo mikavu. Katika kila beseni kuna pesa ya mazutu ndani yake. Mazutu ikipanda, kusaga kunapanda. Njia ikifungwa, mazutu inakosekana, na mtu anarudi kwenye kinu na mchi, ama kwenye jiwe la kusagia la nyanya yake. Na anayerudi pale karibu kila mara ni mama na watoto wake wa kike.

Lakini kabla ya injini, kwa muda wa miaka karibu 2,000, sehemu nyingi za dunia zilisaga kwa nguvu ya mto. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, alishaeleza kinu cha maji chenye magurudumu ya meno katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Wakati mfalme wa Uingereza alihesabisha mali ya nchi yake mwaka 1086, makarani waliandika vinu zaidi ya 5,600. Leo vingi vimebaki ukuta, shimo na jiwe. Mtu akipita anasema: "Hii ilikuwa ghala." Kumbe ilikuwa mashini, na nyumba yenyewe ilikuwa sehemu ya mashini ile. Njo maana inafaa tujue kuisoma.

1. MAJI YANAPATAJE NGUVU

Kinu cha maji kinahitaji vitu viwili kutoka kwa mto: wingi wa maji, na kimo ambacho maji yanaanguka. Mto mkubwa unaolala tambarare unaweza kuwa na nguvu ndogo pahali unapotaka kujenga. Kijito kidogo kinachoshuka kwenye mteremko kinaweza kusaga vizuri.

Wajenzi wa zamani hawakuweka gurudumu katikati ya mto. Walienda juu kidogo, wakajenga kizuizi kidogo cha mawe, halafu wakachimba mfereji unaofuata ubavu wa kilima bila kushuka sana. Mto wenyewe unaendelea kushuka chini, mfereji unabaki juu. Ukifika kwenye nyumba, tayari kuna tofauti ya mita mbili, tatu ama nne kati ya mfereji na mto. Tofauti ile njo mali ya msagaji. Mbele ya gurudumu kunawekwa mlango wa mbao unaopanda na kushuka: ukiufungua, kinu kinafanya kazi; ukiufunga, maji yanapita pembeni na kurudi mtoni.

Magurudumu ya kusimama ni ya namna tatu:

- Maji yanapita chini na kusukuma mapanga ya gurudumu. Ni rahisi kujenga, lakini nguvu nyingi inapotea.
- Maji yanaingia katikati, kwenye kimo cha mti wa gurudumu.
- Maji yanamiminika kutoka juu ndani ya mabakuli ya gurudumu, na uzito wao njo unalizungusha.

Mwaka 1759, injinia Mwingereza John Smeaton alipeleka kwa wanasayansi wa London matokeo ya majaribio yake na magurudumu madogo. Alionyesha kwamba gurudumu la kumiminiwa juu linatoa kazi karibu mara mbili kuliko lile la kusukumwa chini, kwa maji yaleyale na kimo kilekile. Sababu ni hii: maji yanayogonga panga yanapoteza nguvu kwa kurukaruka na kutoa povu; maji yanayokaa ndani ya bakuli yanashuka nalo polepole mpaka chini.

Kuna pia gurudumu linalolala, lenye mti uliosimama unaoenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe. Halina meno hata moja. Lilitumika sana milimani, maana fundi wa kijiji anaweza kulitengeneza kwa shoka na tezo.

2. NYUMBA AMBAYO NI MASHINI

Sasa tuingie ndani. Kinu cha maji cha kawaida cha Ulaya kina angalau ngazi tatu, na kila moja iko na kazi yake.

Chini kabisa kuna shimo la meno. Mti mkubwa wa gurudumu unapita ndani ya tundu la ukuta na kuingia nyumbani. Kwenye mwisho wake kuna gurudumu kubwa la meno lililosimama, linalosukuma gurudumu dogo linalolala. Pale mzunguko unageuka: ulikuwa unazunguka kama tairi ya gari, sasa unazunguka kama sahani mezani. Na mwendo unaongezeka. Gurudumu la maji linaweza kuzunguka mara 8 tu kwa dakika, lakini jiwe lenye upana wa mita 1.20 linatakiwa kuzunguka karibu mara 120. Hiyo ni mara 15, na inapatikana kwa hatua mbili za meno. Mafundi walipenda meno ya mti mgumu yagusane na meno ya chuma: yanalia kidogo, na jino likivunjika unabadilisha jino moja, siyo gurudumu zima.

Ngazi ya katikati ni ya mawe. Yako mawili: la chini halitembei, la juu linazunguka. La juu linaweza kuwa na uzito unaokaribia tani moja. Hayagusani hata kidogo. Katikati yake kunabaki nafasi nyembamba, pembeni karibu na unene wa karatasi. Nyuso zake zimechongwa mifereji inayotoka katikati kwenda nje, na mifereji ya juu inapokutana na ya chini inakata punje kama mikasi. Punje inaingia kwenye tundu la katikati, inasukumwa nje, na kufika pembeni ikiwa unga. Mashini yetu ya leo yenye nyundo inapiga punje mpaka ivunjike. Jiwe linakata na kusugua. Mahindi na mtama jiwe linakubali vizuri. Mihogo mikavu lazima kwanza ivunjwe vipande vidogo, kama sivyo haipiti kwenye tundu.

Ngazi ya juu ni ya nafaka. Magunia yanapandishwa kwa kamba inayovutwa na nguvu ya gurudumu lilelile, yanamwagwa kwenye masanduku, na toka pale kila kitu kinashuka chenyewe: nafaka kwenda kwa jiwe, unga kwenda kwenye gunia la chini. Kwa hiyo kinu cha maji ni nyumba ndefu kwenda juu. Kule, kupanda na kushuka njo kazi yenyewe.

Na ukuta? Ukuta wa upande wa gurudumu ni mnene kuliko zote, na mara nyingi ni wa mawe hata kama nyumba iliyobaki ni ya mbao. Unabeba mti wa gurudumu, unalowa kila siku, unatikisika mchana na usiku. Mafundi werevu walitenganisha pia fremu ya mbao inayobeba mawe na kuta za nyumba, ili mtikisiko usipasue jengo. Mhandisi wa leo anayefunga injini kwenye msingi wake peke yake anafuata akili ileile.

3. KWA NINI MSAGAJI ALILALA PALE

Hapa tunafika kwenye nyumba ya msagaji. Mtu angeweza kusema: ajenge kinu mtoni, alale kijijini. Lakini karibu kila pahali nyumba yake imegusana na kinu, ama iko hatua chache tu. Kuna sababu nne.

Ya kwanza, maji hayana saa ya kazi. Yakiwa mengi lazima usage, hata usiku. Mfano mzuri uko London mashariki, pahali panaitwa Three Mills, kwenye mto Lea. Pale kuna House Mill, kinu kilichojengwa mwaka 1776 na Daniel Bisson. Jina lake linatoka kwa jambo rahisi: kilijengwa katikati ya nyumba mbili alimokaa msagaji na jamaa yake. Ni kinu cha maji ya bahari: maji yanapojaa yanaingia na kufungiwa nyuma ya milango, yanapokupwa, milango inafunguliwa na magurudumu manne yanazunguka. Na kwa sababu saa ya kujaa inasogea karibu dakika 50 kila siku, wiki hii unasaga asubuhi, wiki ijayo unasaga usiku wa manane. Mtu wa kazi hiyo atalala wapi kama siyo mlangoni?

Ya pili, masikio. Nafaka ikiisha katikati ya mawe, yanaanza kugusana, yanaharibika na kutoa cheche. Cheche na vumbi la unga ni moto. Vinu vingi vilikuwa na kengele ndogo inayolia nafaka ikikaribia kwisha. House Mill yenyewe iliungua mwaka 1802 ikajengwa tena. Msagaji aliyelala nyuma ya ukuta alisikia sauti ikibadilika kabla ya kengele.

Ya tatu, mvua. Mto ukifurika usiku, mtu lazima aamke afungue milango ya pembeni, la sivyo asubuhi hakuna kinu.

Ya nne, ulinzi. Katika kinu kuna nafaka ya watu wengi, na msagaji alilipwa kwa sehemu ya unga, siyo kwa pesa. Ilibidi aonekane, na aweze kuulizwa.

Nyumba yenyewe inasema hayo yote. Angalia mlango mdogo kati ya chumba cha kulala na ngazi ya mawe. Angalia dirisha linaloelekea mfereji. Angalia chumba cha mbele, cha kupokea watu na kupima nafaka. House Mill iliacha kusaga mwaka 1941, wakati wa mabomu ya Vita vya Pili. Nyumba ya msagaji iliharibiwa na bomu, na katika miaka ya 1990 ilijengwa upya, uso wake ukirudishwa kama wa zamani. Kinu kimebaki, na mawe na magurudumu yake yanaonekana mpaka leo.

4. KINU NI CHA NANI?

Tusidanganyane, nyumba hii haikuwa ya furaha kila mara. Katika Ulaya ya zamani, bwana wa ardhi aliweza kulazimisha wakulima wote wasage kwenye kinu chake na kumwachia sehemu ya unga. Mtu aliyeficha jiwe la mkono nyumbani aliadhibiwa.

Kule St Albans, Uingereza, mkuu wa monasteri alinyang'anya watu mawe yao ya kusagia katika miaka ya 1330, na mawe yale yakatandikwa chini kama sakafu ya monasteri. Miaka 50 hivi baadaye, katika maasi ya 1381, watu wa mji waliingia, wakang'oa sakafu ile na kugawana vipande. Fikiria kidogo: watu wameshika silaha, na kitu wanachokimbilia ni jiwe la unga. Huko Ufaransa, haki hiyo ya mabwana ilifutwa na Mapinduzi yaliyoanza 1789.

Na Afrika? Nchini Kenya, katika miaka ya 1920 na 1930, Wakikuyu wenye mali kidogo walijenga vinu vya maji kwenye mito yao ya milimani ili wasage mahindi kwa biashara. Ilikuwa moja kati ya biashara za kwanza za mashini mikononi mwa Waafrika wenyewe kule. Baadaye injini ya mafuta ilikuja, nayo inaweza kukaa sokoni karibu na watu, haihitaji mto. Vinu vingi vilikufa hivyo. Kosa halikuwa la maji: mto haukubali kuhamia sokoni.

5. ITURI: MAJI YALIFANYA KAZI GANI?

Kwetu mito haikulala. Kule Budana, mto Shari ulifungwa tangu wakati wa ukoloni ili utoe umeme. Lakini angalia ulipoelekezwa: kwenye migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Maji yalizungusha mashini za kuponda mawe ya dhahabu, wakati mama wa kijiji cha jirani anaendelea kusaga kwa mkono. Jengo la mashini linaonyesha nani alihesabiwa na nani hakuhesabiwa. Hilo nalo ni somo la usanifu.

Na kimo tunacho. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, Ziwa Albert liko karibu mita 620. Kati ya hapo kuna vijito vingi vinavyoteremka. Mhitimu yeyote anaweza kupima kijito hivi:

- Wingi wa maji: chagua sehemu iliyonyooka. Pima upana na kina. Tupa kipande cha mti, hesabu kinapita mita ngapi kwa sekunde. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, halafu zidisha kwa 0.8, maana maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu. Upana mita 1, kina mita 0.25, mwendo mita 0.5: utapata karibu lita 100 kwa sekunde.
- Kimo: chukua bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lijaze maji, shuka nalo hatua kwa hatua ukijumlisha tofauti.
- Nguvu: zidisha 9.81 kwa wingi (mita za ujazo kwa sekunde) kwa kimo (mita). Lita 100 zikianguka mita 4 zinatoa karibu kilowati 3.9. Gurudumu na meno vikikuachia asilimia 60, unabaki na kilowati 2.3, yaani nguvu ya farasi 3.

Farasi 3 zinazungusha jozi moja ya mawe, polepole. Hazishindani na mashini ya mazutu yenye farasi 10. Ukitaka farasi 10 kwa mavuno yaleyale ya asilimia 60, tafuta kijito chenye lita karibu 127 kwa sekunde na kimo cha mita 10. Hapo gurudumu la mbao halifai tena, unaweka turbini ndogo. Na pima katika mwezi wa 1, wakati wa ukame, siyo mwezi wa 10. Kijito cha mwezi wa 10 kinamsifu kila mtu.

6. UKIKUTA MABAKI

Kwenye misheni za zamani, kwenye mashamba ya zamani, kandokando ya mito, unaweza kukuta ukuta usiojua ni wa nini. Kabla ya kubeba mawe yake kwenda kujengea, tafuta alama hizi:

1. Mtaro mkavu unaofuata ubavu wa kilima, karibu bila mteremko.
2. Ukuta mmoja mnene kuliko wengine, wenye tundu la mviringo kwenye kimo cha kifua, na mikwaruzo ya nusu duara pembeni yake. Gurudumu njo lilichora pale.
3. Shimo refu na jembamba ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta huo.
4. Tao ndogo chini ya ukuta, maji yalipotokea.
5. Jiwe la mviringo lenye tundu katikati. Mara nyingi limefanywa ngazi ya mlango ama meza uani. Geuza: ukiona mifereji imechongwa, hilo ni jiwe la kusaga.
6. Nyumba ndogo iliyogusana nalo, yenye dirisha la kuangalia maji.

Alama moja peke yake haitoshi. Tatu pamoja, umekuta kinu. Piga picha, weka kipimo pembeni, chora ramani ndogo, uliza wazee jina la pahali pale, maana jina mara nyingi linakumbuka kuliko ukuta. Nchi yetu iko na sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu tarehe 15 mwezi wa 3, 1971. Lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Na katika jimbo ambamo watu wamekimbia vijiji mara nyingi hivi, wazee wanaojua wanaondoka na majina yao.

Hatusemi turudi kwenye mbao na mawe. Tunasema hivi: wale wajenzi walianza kwa kuuliza mto uko na nini, halafu nyumba ikafuata jibu. Sisi mara nyingi tunaanza kwa kununua mashini, halafu tunauliza mazutu itatoka wapi. Injinia, msanifu, mtu wa historia, mtu wa kilimo: kila mmoja wetu anashika kipande kimoja cha kazi hii. Mwezi wa 1 ukifika, chukueni bomba, kamba na saa, mshuke kwenye kijito cha kwenu mpime. Namba ile mtakayoleta, hata kama ni ndogo, itafaa kuliko mkutano mmoja zaidi juu ya bei ya mazutu.